Programu ambazo hukuziomba: zinaingiaje kwenye kompyuta, na jinsi ya kuzitoa

Ukurasa huu ni kwa ajili ya mtu yeyote anayetumia kompyuta ya Windows kwenye makazi: iwe yako mwenyewe, ya kituo cha vijana, ya shule au ya duka la fotokopi. Unaeleza kwa nini unapakua programu moja ukakuta zimeingia tatu, madhara yake kwa bando na kwa karatasi zako, na namna ya kuzitoa bila kumlipa mtu. Kuna sehemu fupi pia kuhusu simu.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho hapa Nakivale. Kijana mmoja alikuwa anaomba nafasi ya masomo, na barua yake ilitakiwa ifike kwa PDF kabla ya saa sita usiku. Barua ilikuwa kwenye Word. Akatafuta Google programu ya kugeuza Word kuwa PDF, akabofya jibu la juu kabisa, ambalo kumbe lilikuwa tangazo, halafu akabofya Next, Next, Next mpaka mwisho. Programu ikaingia. Pamoja nayo kikaingia kiendelezi kilichojibandika juu ya kivinjari, ukurasa mwingine wa kutafutia badala ya Google, na programu ya "kusafisha" iliyojaza skrini maandishi mekundu ikidai kompyuta ina kasoro zaidi ya elfu moja, na kwamba alipe ndipo ziondolewe. Zote zikaanza kupakua mambo yao kwa bando lake. Saa nne na nusu mega zikaisha. Barua haikwenda usiku ule.

Kinachouma ni kwamba hakuhitaji programu yoyote. Word yenyewe inahifadhi barua kama PDF: unakwenda File, kisha Save As, na kwenye aina ya faili unachagua PDF. Windows 10 na 11 zina pia printa ya ndani inayoitwa Microsoft Print to PDF, ambayo inageuza karibu kila kitu unachoweza kuchapisha. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kupakua chochote ni hili: je, kompyuta haina tayari kitu kinachofanya kazi hiyo? Muulize anayejua. Mara nyingi kipo.

Kwa nini wanafanya hivi?

Kwa sababu wanalipwa. Mtu anayetoa programu ya bure hupokea fedha kutoka kwa kampuni nyingine kila mara programu ya kampuni hiyo inapoingia kwenye kompyuta ya mtu pamoja na ya kwake. Watafiti wa Google na wa Chuo Kikuu cha New York waliichunguza biashara hii na kutoa ripoti mwaka 2016. Waliona kuwa malipo ni kati ya senti 10 za dola na dola 1.50 kwa kila kompyuta iliyoingiwa. Wakati huo, mfumo wa Google wa kuwalinda watu wanaotumia vivinjari ulikuwa unatoa maonyo zaidi ya milioni 60 kila wiki kuhusu programu za namna hii, karibu mara tatu ya maonyo kuhusu virusi hasa.

Senti 10 ni kidogo, lakini zidisha kwa watu milioni. Anayelipia gharama iliyobaki ni wewe, kwa mega zako, kwa kompyuta inayokuwa nzito, na kwa jioni nzima iliyopotea.

Usidhani ni wahuni tu wa pembeni. Kwa miaka kadhaa, aliyesakinisha Java ya kampuni ya Oracle alikuta kisanduku kimeshawekewa tiki tayari, cha kukubali upau wa Ask kwenye kivinjari chake. Flash Player ya Adobe nayo ilikuja na tiki ya programu ya McAfee. Tovuti ya SourceForge, iliyokuwa inaheshimiwa na mafundi dunia nzima, ilianza mwaka 2013 kufungasha programu za watu pamoja na matangazo ya namna hii. Watengenezaji wa GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, wakahama hapo mwaka huohuo. Mpango huo ulifutwa mwaka 2016 baada ya tovuti kununuliwa na wamiliki wapya.

Ndiyo maana nasema usione aibu kama imekupata. Skrini zile zimetengenezwa na watu wanaojua vizuri kwamba umechoka, una haraka, na lugha iliyoandikwa si yako. Kisheria wanasema ulikubali. Kwangu mimi, kukubali kwa kufichwa jambo si kukubali.

Zinapitia mlango gani?

Mlango mkubwa ni skrini za kusakinisha. Programu nyingi huuliza kama unataka njia ya haraka au ya kuchagua mwenyewe. Njia ya haraka huandikwa Express au Recommended, na mara nyingi kitufe chake kina rangi inayong'aa. Ya kuchagua huandikwa Custom au Advanced, kwa rangi ya kijivu kana kwamba haifanyi kazi. Inafanya kazi. Chagua hiyo kila mara, kwa sababu ndiko visanduku vyenye tiki vilikofichwa. Ondoa tiki kwenye kila kitu ambacho si programu uliyoitafuta. Ukiona skrini inayotaja jina la programu nyingine, hapo usibofye Next wala Accept. Tafuta Decline au Skip.

Wengi wetu tuliokuja na kompyuta kutoka Kongo au Burundi, Windows yetu ni ya Kifaransa. Hapo Next ni Suivant, na kitufe cha kukataa ni Refuser au Ignorer. Lakini angalia: hata kompyuta ikiwa ya Kifaransa, faili ulilopakua linaweza kuongea Kiingereza tupu. Kama husomi lugha hiyo, simama. Mwite mtu akusomee kabla ya kubofya. Dakika tano za kumsubiri jirani ni nafuu kuliko siku mbili za kutafuta fundi.

Mlango wa pili ni kitufe cha kupakulia. Kwenye kurasa nyingi utaona vitufe vitatu au vinne vikubwa vya kijani vilivyoandikwa Download, na vyote ni matangazo; kiungo cha kweli ni maandishi madogo chini. Pakua kwenye tovuti ya wenye programu wenyewe. VLC ya kuangalia video iko videolan.org, na ni bure siku zote. LibreOffice, inayofungua na kuandika faili za Word na Excel, iko libreoffice.org, nayo ni bure. Andika anwani mwenyewe juu kwenye kivinjari badala ya kufuata jibu la kwanza la Google, kwa kuwa nafasi ya juu inaweza kununuliwa na yeyote.

Kuna pia kurasa zinazokuambia usasishe Flash Player ili video ifunguke. Hili lina jibu fupi: Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020. Haipo tena. Ukurasa wowote unaokuambia uisasishe unadanganya.

Mlango wa tatu hatupendi kuuzungumzia, lakini tuuseme. Kompyuta nyingi zinazouzwa zimetumika, na Windows au Office yake imefunguliwa kwa programu ya wizi, ile inayoitwa "crack". Faili hizo ndizo chafu kuliko zote. Ili zifanye kazi, huambiwa uzime kinga ya kompyuta kwanza, na watu huizima. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi nakala za uongo za KMSPico, mojawapo ya programu hizo, zilivyokuwa zimebeba kirusi kinachoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Hapo hatuzungumzii tena usumbufu wa matangazo. Sina maneno ya kumhukumu mtu asiye na fedha ya leseni. Nasema tu kwamba LibreOffice inaandika barua, wasifu wa kazi na mahesabu ya duka bila senti, na ukishaipakua mara moja unaweza kuiweka kwenye flashi ukawagawia na wenzako. Ni faili kubwa, kwa hiyo ipakue mahali penye Wi-Fi ya kituo.

Utajuaje kama zimeingia?

Ukurasa wa kwanza wa kivinjari umebadilika na hukuubadilisha. Matangazo yanatokea hata kwenye tovuti ambazo kwa kawaida hazina. Kompyuta inachukua muda mrefu kuwaka. Vijisanduku vya arifa vinaruka kwenye kona ya chini kulia. Na dalili ninayoiamini kuliko zote: bando la wiki linaisha kwa siku mbili. Windows inaweza kukuonyesha nani amelila. Fungua Settings, kisha Network & Internet, kisha Data usage, utaona orodha ya programu na mega ambazo kila moja imetumia. Ukikuta jina usilolijua karibu na juu, umeshampata mgeni wako.

Hapohapo kwenye mipangilio ya mtandao, washa Metered connection kwa Wi-Fi ya simu yako. Haiwazuii wageni wote, lakini Windows yenyewe itapunguza kupakua mambo makubwa kisirisiri.

Kuzitoa, hatua kwa hatua

Kwanza kata intaneti. Zima Wi-Fi au toa modemu. Kazi kubwa ya kutoa haihitaji mtandao, na unazuia programu zile kurudisha kilichotolewa.

Fungua Settings, kisha Apps, na upange orodha kwa tarehe ya kuingia, yaani Install date. Hii ndiyo siri ya kazi yote. Programu zilizoingia siku ileile, karibu kwa pamoja na ile uliyoipakua, zitakaa jirani, na wageni utawaona wamejipanga mstari mmoja. Bofya kila mmoja na uchague Uninstall. Soma maandishi polepole wakati wa kutoa: baadhi yao huuliza swali kwa kugeuza, na kitufe kikubwa ndicho cha kuibakiza. Usiguse vitu vilivyoandikwa Microsoft, Intel, Realtek au jina la kampuni ya kompyuta kama hujui kazi yake. Ukiwa na shaka, andika jina kwenye karatasi uulize.

Halafu nenda kwenye kivinjari, maana kutoa programu hakutoi kilichobandikwa huko. Kwenye Chrome andika chrome://extensions juu mahali pa anwani, utaona viendelezi vyote, ondoa usivyovitambua. Kisha ingia kwenye mipangilio, urudishe ukurasa wa kwanza na mtambo wa kutafutia unaoutaka. Ikiwa ukurasa ule mbaya unarudi kila ukifungua Chrome, bofya kulia alama ya Chrome iliyoko kwenye desktop, chagua Properties, na utazame mstari wa Target. Unatakiwa uishie na chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Kama baada yake kuna anwani ya tovuti, umebandikwa hapo; futa alama hiyo ya desktop na utengeneze nyingine. Mafundi wengi hulisahau jambo hili, kisha wanasema kompyuta inahitaji Windows mpya.

Vile vijisanduku vya kona mara nyingi si programu kabisa. Ni arifa za tovuti ambayo uliwahi kuiruhusu, labda ilikuambia ubofye Allow kuthibitisha wewe si roboti. Kwenye Chrome nenda Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications, na uziondoe tovuti zote zilizoruhusiwa ambazo huzijui. Zinakatika papo hapo.

Sasa washa intaneti tena kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kufungua Windows Security, kwenda App & browser control, kisha Reputation-based protection, na kuwasha Potentially unwanted app blocking. Kinga hiyo ya programu zisizotakiwa imo kwenye Windows 10 tangu toleo la Mei 2020, na kwenye Windows 11, ila si kompyuta zote zimeiwasha. Ya pili ni kupakua AdwCleaner kutoka malwarebytes.com. Ni faili dogo la mega chache, ni ya bure, na haihitaji kusakinishwa: unaifungua, inatafuta, inakuonyesha orodha, unakubali ziondolewe, kompyuta inazima na kuwaka. Iweke kwenye flashi pia.

Programu za "kusafisha" na watu wa kulipwa

Programu inayoingia bila kuitwa kisha ikakuambia una kasoro 1,300 haikuhesabu chochote cha maana. Hofu ndiyo bidhaa yake. Nchini Marekani, tume ya serikali inayolinda wanunuzi ilitangaza Machi 2019 kwamba duka kubwa la Office Depot pamoja na kampuni ya Support.com watalipa jumla ya dola milioni 35. Walikuwa wakiwapa wateja kipimo cha bure cha kompyuta. Mteja aliulizwa maswali manne, kama vile kompyuta imekuwa nzito au inaonyesha matangazo mengi. Akitikia hata moja, kipimo kilisema kuna dalili za virusi, hata kama hakijaona kitu, na mteja akauziwa matengenezo ya mamia ya dola.

Kama jambo hilo lilifanyika dukani huko, usishangae kulikuta kwenye skrini yako. Usilipe. Usipige namba iliyoandikwa kwenye tangazo. Na mtu asiyemjua yeyote kati yenu akikuambia kwa simu uweke programu ya kumruhusu aione kompyuta yako kutoka mbali, kata simu.

Jambo linalotuhusu sisi zaidi

Kwenye kompyuta ya pamoja kuna nakala za attestation, kadi za familia, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua za hospitali. Watu wamezichanganua hapo na kuziacha kwenye Downloads. Kompyuta yenye programu za ovyo ndiyo hiyohiyo tunayoingilia barua pepe zetu.

Programu za matangazo zinaonyesha pia tangazo lolote linalolipiwa, na kati ya hayo yako yanayojifanya ya ajira za Kanada, visa au kuhamishiwa nchi ya tatu. Skrini inapojaa matangazo hayo baada ya mtu kutafuta habari za resettlement, anaweza kudhani ni jibu la ombi lake. Siyo. Huduma zote za UNHCR na washirika wake ni bure, na nafasi ya kuhamishwa haiuzwi wala haiombwi kupitia tangazo. Ukiombwa fedha au nakala za karatasi kwa njia hiyo, usitume, na toa taarifa kwa ofisi ya UNHCR au ya OPM kwenye makazi yako.

Ukishatumia kompyuta ya watu: futa faili zako, mwaga na Recycle Bin, toka kwenye barua pepe, na usikubali kivinjari kihifadhi nywila. Kama unashuku kompyuta uliyoitumia ilikuwa chafu, badilisha nywila kwa kutumia simu yako, si kwa kompyuta ileile.

Zinazokuja na mashine yenyewe

Wakati mwingine hukufanya kosa lolote. Zilikuwemo tangu dukani. Kuanzia mwaka 2014 Lenovo iliuza baadhi ya laptop zikiwa na programu iitwayo Superfish, iliyopachika matangazo kwenye kivinjari. Ubaya wake mkubwa ni kwamba ilijiweka katikati ya mtu na tovuti zilizofungwa kwa usalama, pamoja na za benki, kwa njia dhaifu ambayo mwizi angeweza kuitumia. Jambo hilo lilijulikana Februari 2015, na mwaka 2017 kampuni ilikubali kuzilipa mamlaka za majimbo ya Marekani dola milioni 3.5. Laptop za miaka ile bado zinauzwa zikiwa zimetumika, kwa hiyo ukinunua mashine, itazame orodha ya Apps kabla ya kutoa fedha.

Kwa simu hali inafanana. Agosti 2020 watafiti wa Secure-D walieleza kuwa simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kamerun, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu chafu ndani, Triada na xHelper, zilizokuwa zikijaribu kuwaunganisha watu na huduma za kulipia kimyakimya. Watafiti walizuia majaribio milioni 19.2 kutoka kwenye simu zaidi ya 200,000. Watengenezaji walisema kosa lilikuwa la mshirika wao mmoja na kwamba walishatoa marekebisho. Anayelalamika kuwa salio lake linaisha bila kupiga simu huenda hana uchawi wowote nyumbani. Afungue mipangilio aangalie matumizi ya data ya kila programu, na awaulize wa mtandao wake ameunganishwa na huduma gani.

Ikishindikana kabisa

Kama umefanya yote hayo na wageni wanarudi, Windows ina njia ya kujiweka upya: Settings, kisha System, kisha Recovery, kisha Reset this PC; kwenye Windows 10 Recovery iko ndani ya Update & Security. Kabla ya hapo, nakili picha, barua na karatasi zako kwenye flashi. Usinakili faili za programu, zile zinazoishia na .exe, utakuwa unawabeba wageni ulewale mlango. Utaulizwa kama unataka Keep my files au Remove everything. Kisha litakuja swali ambalo kwa hapa kwetu ndilo ghali: Cloud download au Local reinstall. Cloud download hutumia zaidi ya GB 4 za intaneti. Chagua Local reinstall, ambayo haihitaji bando, chomeka chaji, na uiache imalize hata ikichukua saa nzima au zaidi.